Nitrojeni: Chakula Kilicho Hewani na Kinachotoroka Shambani

Wakulima wa skimu, wakati huu wa kiangazi mahindi yamekwisha kuingia ghalani, mabua yamesimama makavu, na ng'ombe wanaachiwa shambani waokote yaliyobaki. Ni wakati mzuri wa kusoma, kwa maana mvua ikianza hakuna atakayekaa chini kushika gazeti. Somo letu la mwezi huu ni juu ya kitu usichokiona, hakina rangi wala harufu, nacho ni miongoni mwa vitu vinavyoamua kama ekari yako itatoa magunia 8 au 20. Jina lake ni nitrojeni.

Swali ambalo Mabwana Shamba huulizwa mwezi wa Juni kila mwaka ni hili: "Nilipanda kwa mbolea, nikapalilia, na mvua imenyesha vizuri. Mbona mahindi yangu yamekuwa ya manjano?" Mara nyingi jibu ni njaa ya nitrojeni. Hapo mkulima hushangaa zaidi, kwa sababu mtoto wake aliye shuleni amemwambia kwamba hewa tunayovuta imejaa nitrojeni tele. Mtoto amesema kweli. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni nitrojeni. Juu ya ekari moja ya shamba lako kule Trans Nzoia au Lugari, ukiipima hewa yote kutoka majani mpaka mwisho wake juu, mna zaidi ya tani 20,000 za nitrojeni. Nayo mahindi yaliyo chini yake yanakufa njaa. Ni kama mtu aliyeketi mbele ya ghala lililojaa, lakini ufunguo hana.

Kwanza tujue kazi yake. Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa protini: nyama ya ng'ombe, misuli ya mkono wako, damu, manyoya ya kuku, ute wa yai. Na hakuna protini isiyo na nitrojeni ndani yake. Katika kila gramu 100 za protini, kama gramu 16 ni nitrojeni. Ile rangi ya kijani ya majani ambayo hunasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula, nayo ina nitrojeni. Hata ile chembe ya urithi inayomfanya ndama afanane na mama yake imejengwa kwa nitrojeni. Mmea huipata kutoka kwa udongo, ng'ombe huipata kwa kula mmea, nawe huipata kwa kula ugali, maharagwe, maziwa na nyama. Hakuna mnyama wala mtu awezaye kuipata kwa kuvuta pumzi. Tunaivuta na kuitoa vilevile ilivyoingia.

Sasa tazama jani la mahindi lenye njaa. Manjano huanza kwenye majani ya chini, yale ya zamani, tena huanza kwenye ncha na kuingia katikati kufuata mshipa mkubwa wa jani, ikiwa na umbo kama la panda ya manati iliyolazwa. Kwa nini ya chini? Kwa sababu mmea ukikosa nitrojeni huivunja ile iliyo katika majani ya zamani na kuipeleka juu kwa majani machanga. Mzee anajinyima ili mtoto ale. Ukiona kingo za jani ndizo zinazokauka na katikati kumebaki kijani, huo ni upungufu mwingine, usikimbilie kununua CAN. Na ukiona majani yote yamejikunja saa za mchana lakini yangali ya kijani, hiyo ni kiu.

Ufunguo wa ghala

Nitrojeni ya hewani huenda wawiliwawili, na wawili hao wameshikana kwa nguvu sana. Mmea hauwezi kuwatenganisha. Radi inaweza, kwa maana moto wake huichoma hewa, na mvua huleta kidogo ardhini. Lakini kwa ekari moja ni kilo chache tu kwa mwaka. Kiwanda pia kinaweza. Mwaka 1909 mtaalamu wa Ujerumani Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuiunganisha nitrojeni ya hewani na hidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch akakamilisha kiwanda kikubwa cha kwanza cha kazi hiyo. CAN, urea na DAP unazonunua leo hupata nitrojeni yake kwa njia hiyo. Kazi hiyo yahitaji moto mkali na mgandamizo mkubwa, ndiyo sababu bei ya mafuta na gesi ikipanda ulimwenguni, bei ya gunia la mbolea hupanda nayo.

Lakini wako mafundi wengine wanaofanya kazi ileile bila moto, chini ya ardhi, bure. Hao ni vijidudu wanaokaa katika mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Wazee wa nchi nyingi walijua zamani kwamba shamba lililopandwa kunde au dengu hutoa nafaka nzuri mwaka unaofuata, lakini sababu haikujulikana mpaka mwaka 1886, Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walipoonyesha kwamba ni vile vinundu vya mizizi vinavyoinasa nitrojeni ya hewani. Miaka miwili baadaye Mholanzi Beijerinck akawatoa vijidudu wenyewe na kuwakuza peke yao. Ni mapatano ya kweli: mmea huwalisha vijidudu sukari, nao huulipa kwa nitrojeni.

Unaweza kukagua kazi yao wewe mwenyewe. Maharagwe au soya ikianza kutoa maua, chimba mashina matano kwa uangalifu. Usiyang'oe, maana vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi polepole. Chagua kinundu kikubwa ukipasue kwa ukucha. Kama ndani ni chekundu au waridi kama nyama, wako kazini. Kikiwa cheupe, kijivu au kijani, wamelala au wamekufa, na maharagwe yako yanakula nitrojeni ya udongo kama mahindi tu.

Hapa yafaa niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Maharagwe ya kawaida, haya tunayopanda katikati ya mahindi, ni wavivu katika kazi hii. Hujitafutia sehemu tu ya mahitaji yao. Soya, kunde, njahi, mbaazi, lusini na desmodiamu hufanya vizuri zaidi. Tena tazama tunavyovuna: maharagwe yakikauka tunayang'oa na mizizi, tunayapeleka uani kuyapura, makapi tunayachoma au tunayaacha yapeperushwe, na punje tunaziuza. Nitrojeni yote imetoka shambani. Mtu anayefanya hivyo asiseme kwamba maharagwe yanamrutubishia shamba. Yakate usawa wa ardhi, mizizi ibaki, na makapi yarudi, au yapitie kwa ng'ombe kisha yarudi.

Jambo la pili, si kila kijidudu humfaa kila mmea. Soya na lusini zikipandwa mahali ambapo hazijawahi kupandwa, mara nyingi haziwapati vijidudu wao, na vinundu havitokei. Dawa yake ni chanjo ya mbegu, yaani vijidudu hai waliofungwa katika pakiti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitayarisha chanjo ya namna hiyo, na wakulima wa Kenya huinunua madukani. Unailowesha mbegu kwa maji yenye sukari kidogo, unaichanganya na chanjo kivulini, na unaipanda siku hiyohiyo. Ukiiacha pakiti juani au juu ya dirisha la jikoni umewaua, umenunua unga tu.

Mvua ya kwanza

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike somo hili wakati wa kiangazi na si mwezi wa Juni.

Majani yakianguka, mizizi ikifa, samadi ikitiwa shambani, nitrojeni iliyomo haiwi chakula cha mahindi papo hapo. Imefungwa ndani ya protini. Vijidudu wa udongo huzila protini hizo na kutoa amonia, kisha vijidudu wengine huigeuza amonia kuwa nitrati. Nitrati ndiyo mahindi huipenda zaidi na kuinywa upesi. Lakini kati ya hizo mbili mna tofauti kubwa ambayo mkulima lazima aijue. Amonia ikiwa ndani ya udongo hushikwa na chembe za udongo wa mfinyanzi kama chuma kinavyoshikwa na sumaku. Nitrati haishikwi. Huyeyuka kama chumvi na kwenda maji yanapokwenda.

Kule Muguga, karibu na Kikuyu, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki nzima. Mtafiti mmoja wa hapo, H. F. Birch, alikuwa akijiuliza swali ambalo kila mama mwenye jembe alikwisha kujiuliza: kwa nini shamba lililopigwa na jua miezi mitatu hutoa mimea yenye nguvu namna ile mvua ya kwanza ikinyesha? Akachukua udongo, akaukausha, akaulowesha, akapima hewa inayotoka ndani yake na nitrati inayotengenezwa. Akaona kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa, vijidudu huamka na kufanya kazi kwa fujo kwa siku chache, nitrati ikatoka kwa wingi, kisha kazi ikapungua ikawa ya kawaida. Akaukausha tena na kuulowesha tena, mambo yakawa yaleyale. Na kadiri ukavu ulivyokuwa mrefu zaidi, ndivyo mlipuko ulivyokuwa mkubwa zaidi. Aliyachapisha hayo mwaka 1958, na mpaka leo wanasayansi wa dunia nzima wanauita mlipuko huo kwa jina lake. Jambo lililogunduliwa katika udongo wa Kiambu linafundishwa katika vyuo vikuu vya mbali, nasi tulio nalo chini ya miguu yetu hatulijui.

Sababu yake ni hii. Wakati wa kiangazi vijidudu wengi hufa, na miili yao imejaa nitrojeni. Mboji nayo hupasuka na kulegea kwa ukavu. Maji yakiingia, walionusurika hukuta karamu imeandaliwa. Wanakula, wanazaana, na kile wanachokibakiza ndicho amonia na nitrati. Ile harufu nzuri ya udongo inayopanda puani mvua ya kwanza ikigusa ardhi, sehemu yake hutokana na vijidudu wa udongo.

Basi fikiri. Katika nchi yetu ya Trans Nzoia, Lugari na Uasin Gishu, kiangazi huanza kama mwezi wa Desemba mpaka Machi. Hayo ni majuma mengi ya kukauka. Mvua zinapofungua mwezi wa Machi au Aprili, shamba lako linatoa nitrati ambayo hukuinunua. Ni nani ataila? Kama mbegu iko ardhini, mizizi michanga itaikuta. Kama bado unangojea trekta, magugu ndiyo yataila, na ile isiyoliwa na magugu itashuka na maji. Kufika mwezi wa Mei mvua zimekuwa nzito, na nitrati imekwisha kushuka chini kuliko mizizi ya mahindi machanga inavyoweza kufika.

Usifikiri kwamba hayo ni maneno ya kukisia tu. Miaka ya 1990 watafiti walichimba mashamba ya mahindi ya Kenya Magharibi, wakakuta nitrati nyingi imelala kati ya nusu mita na mita 2 chini, haina wa kuila. Walipopanda miti ya sesbania mahali pale, mizizi yake mirefu iliifikia ile nitrati na kuirudisha juu katika majani. Mkulima alikuwa na akiba chini ya nyumba yake na hajui.

Kule Kitale nako, miaka ya 1960, mbegu za mahindi chotara zilipokuwa zinatolewa kwa wakulima, mtaalamu A. Y. Allan alifanya majaribio mengi juu ya ukulima wa mahindi. Alipata kwamba tarehe ya kupanda na palizi nzuri vina nguvu kubwa sana katika mavuno, hata mtu mwenye mbegu bora na mbolea akichelewa hupata hasara. Ni haki niseme kwamba si nitrojeni peke yake. Watafiti waliomfuata hapo Kitale miaka ya 1970 walionyesha kwamba joto la udongo pia lina kazi yake: mwanzo wa mvua udongo ungali na joto na mahindi huanza kwa kasi, lakini baadaye mvua huupoza. Kwa njia yoyote utakayoifuata, unafika mlango uleule: kupanda mapema.

Najua ugumu. Trekta ya kukodi ni moja na wenye kuingoja ni ishirini. Karo ya shule inadaiwa mwezi wa Januari, na fedha za mahindi hazijalipwa. Lakini asiye na trekta ya Machi anaweza kupata ya Desemba, wakati foleni ni fupi na ardhi bado ina unyevu kidogo wa kulainisha jembe. Shamba likilimwa mapema mabua huoza mapema. Hilo lina faida nyingine ambayo nitaieleza sasa hivi, kwa maana wengi wamedanganyika nalo.

Mabua makavu yana wanga mwingi na nitrojeni kidogo. Ukiyafukia wiki moja kabla ya kupanda, vijidudu watayarukia, lakini ili kuyala wanahitaji nitrojeni, nao wataichukua kutoka kwa udongo. Mahindi yako machanga yatageuka manjano, nawe utasema mabua ni sumu. Si sumu. Vijidudu wamekopa tu. Wakimaliza kula na kufa watairudisha, ila kwa mahindi ya mwaka huo itakuwa ni kuchelewa. Kwa hiyo yafukie mapema, au yalishe ng'ombe, au yatie katika shimo la mboji pamoja na samadi. Usiyachome. Moto huipeleka nitrojeni yote ya mabua hewani mahali ilipotoka, ukakuachia majivu.

Hesabu ya ekari moja

Ile nitrati ya mvua ya kwanza haikutoka hewani. Imetoka katika mboji ya shamba, nayo mboji ni akiba ya miaka mingi ya majani, mizizi na samadi. Kila mvua ya kwanza ni kutoa fedha posta. Anayetoa bila kuweka, iko siku atafika dirishani aambiwe hakuna kitu.

Tuhesabu. Gunia moja la mahindi la kilo 90 lina nitrojeni ya kilo 1.3 hivi. Ekari iliyotoa magunia 20 imetoa nitrojeni kama kilo 26 kwa njia ya lori la mnunuzi. Mabua ya ekari hiyo yana kilo nyingine kama 12 mpaka 15. Ukiyachoma au ukiyauza, jumla inakaribia kilo 40. Sasa umerudisha nini? Gunia moja la DAP la kilo 50 lina nitrojeni kilo 9. Gunia moja la CAN lina kilo 13. Jumla ni kilo 22, tena si zote zinazofika kwenye mizizi. Zilizobaki ulizivuta katika akiba ya udongo. Ng'ombe naye ana hesabu yake: lita 3,000 za maziwa huondoka na nitrojeni kama kilo 15.

Mababu zetu hawakuwa na hesabu hii kwa kuwa shamba likichoka waliliacha likae majani miaka kadhaa na kulima jingine. Skimu za kugawa mashamba makubwa zilipoanza mwaka 1962, mwenye ekari 15 aliweza bado kuacha upande mmoja wa malisho upumzike. Leo mashamba mengi yale yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na mwenye ekari 2 hana pa kupumzisha. Mahindi hufuata mahindi, mwaka hata mwaka. Kwa hiyo kupumzika kwa udongo lazima kufanywe na samadi, mimea ya kunde, na mbolea itumiwayo kwa akili.

Samadi ndiyo mali kubwa zaidi tunayoitupa. Katika kila kilo 10 za nitrojeni anazokula ng'ombe wa maziwa, 2 au 3 huingia katika maziwa. Nyingine karibu zote hutoka nyuma yake. Na nusu hivi ya hizo hutoka kwa mkojo, si kwa mavi. Boma lisilo na sakafu wala matandiko limepoteza nusu hiyo kabla hujashika sepetu. Weka nyasi au mabua yaliyokatwakatwa chini ya ng'ombe yanywe mkojo. Kisha peleka yote shimoni au kwenye lundo chini ya paa la mabati makuukuu au majani ya migomba. Ile harufu kali inayochoma macho unapoingia bomani asubuhi ni amonia inayoondoka. Mimi mwenyewe nilipoanza kulima niliianika samadi juani mwezi mzima ili iwe nyepesi kuibeba. Ilikuwa nyepesi kweli, na mahindi yangu yalinionyesha kwa nini. Ila shimo la samadi liwe mbali na kisima, tena upande wa chini wa mteremko. Nitrati ikiingia katika maji ya kunywa ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo.

Juu ya mbolea ya dukani nitasema machache, kwa kuwa Bwana Shamba wa wadi yako anajua udongo wa kwako kuliko mimi. Mbolea ya kukuzia itiwe mahindi yakiwa kimo cha goti, baada ya palizi na si kabla, maana ukiitia kwenye magugu umewalisha magugu. Mahali penye mvua nyingi igawanye mara mbili. Urea isiachwe juu ya udongo, hasa palipo na joto na unyevu: itageuka amonia na kwenda zake. Ifunike kwa udongo kina cha vidole vitatu. Nanyi wa Kinangop na mahali pengine maji yanapotuama, jueni kwamba udongo ukizama majini vijidudu fulani hukosa pumzi, nao huivunja nitrati ili wapate oksijeni iliyomo. Nitrojeni hurudi hewani, na sehemu yake hutoka kama gesi inayozidisha joto la dunia. Chimbeni mifereji kwanza, mbolea baadaye.

Neno jingine kwa wa Uasin Gishu na Trans Nzoia. DAP ikitumiwa mwaka hata mwaka bila kitu kingine huufanya udongo kuwa mchachu, kwa kuwa amonia ikigeuzwa kuwa nitrati huacha asidi nyuma. Mashamba mengi ya pande hizo yamefika hapo. Udongo mchachu huwaua wale vijidudu wa vinundu na kuudhoofisha mzizi, hivi kwamba hata ukiongeza magunia huoni mabadiliko. Kabla ya kununua jingine, peleka udongo upimwe. Chota kutoka sehemu kumi au zaidi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya katika ndoo safi, na upeleke nusu kilo. Ukiambiwa ni mchachu, chokaa ya kilimo itiwe na kuchanganywa na udongo mapema, miezi miwili kabla ya kupanda ikiwezekana, kwa kuwa inafanya kazi polepole.

Kwa hiyo kazi za kiangazi hiki ni hizi. Anayekusudia kupima udongo aupeleke mwezi huu, asingoje Machi wakati kila mtu anapeleka. Mabua yaende kwa ng'ombe au ardhini sasa. Samadi iliyo nje ipate paa. Mbegu na mbolea ya kupandia ziwe nyumbani kabla ya katikati ya Machi, nawe usikilize matangazo ya idara ya hali ya hewa, kwa maana manyunyu ya siku moja si mvua ya kupandia. Na pale penye mteremko na kando ya mpaka, ambapo hupandi kitu, tayarisha mashimo ya kaliandra au sesbania. Mche uliopandwa mvua za Aprili utaanza kukupa majani ya kulisha ng'ombe kabla ya kiangazi cha mwaka wa pili kwisha.